Bei ya Gunia Imetoka Wapi? Kutaja Vyanzo vya Biashara katika Kazi za Wanafunzi

Chanzo cha biashara ni andiko au maelezo yoyote yanayobeba habari za bei, mauzo, mtaji, faida, kodi, ajira au umiliki. Ripoti ya mwaka ya benki ni chanzo cha biashara. Hesabu zilizokaguliwa za kampuni, takwimu za serikali, habari ya gazetini, ubao wa bei pale sokoni, hata maneno ya dalali anayesubiri lori la karoti, vyote vimo. Mwanafunzi anayeandika kuhusu Lushoto hana pa kuvikwepea, kwa kuwa wilaya hii ya Mkoa wa Tanga inaishi kwa kuuza. Kabichi, nyanya, viazi, karoti na hoho hushuka kwa malori kupitia Soni hadi Mombo, kisha hushika barabara kuu. Chai nayo hutafuta njia ya kwenda mnadani. Wanafunzi hupanda milima ya Usambara, ilipo Lushoto, kila mwaka: wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kina msitu wake wa Mazumbai hukohuko, wa Chuo Kikuu Huria, wanaosoma huku wakifanya kazi, na wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichopo Lushoto penyewe. Wengi wao hurudi na ripoti, na ndani ya ripoti mna tarakimu ambazo lazima zielezwe zimetoka wapi.

Kutaja chanzo hufanyika mahali pawili. Ndani ya matini, mara tu baada ya tarakimu au dai, huwekwa alama fupi inayoonyesha nani kasema na mwaka gani. Mwishoni mwa kazi huwekwa rejea kamili, itakayomfikisha msomaji kwenye ukurasa uleule. Kimoja bila kingine hakisaidii. Kuhusu mtindo, vyuo vingi vya biashara nchini huagiza APA au Harvard. APA ni ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani na ina mwongozo mmoja. Toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019, na likaondoa sharti la kutaja mji wa mchapishaji. Harvard haina kitabu kimoja chenye mamlaka. Kila chuo kina Harvard yake, na mwanafunzi aliyeiga mpangilio wa rafiki yake wa chuo kingine hukatwa alama bila kuelewa kakosea wapi. Wanasheria wana desturi yao ya tanbihi chini ya ukurasa. Darasani, mjadala wa koma na nukta hula muda kuliko unavyostahili. Mtindo wowote unatosha ukifuatwa mwanzo hadi mwisho. Kazi ngumu iko kwingine: kumjua mwenye maneno, kuijua tarehe ya maneno, na kujua kipimo kilichotumika.

Katika biashara, mwenye maneno mara nyingi ni taasisi. Ripoti ya Benki Kuu kwa mwaka wa fedha 2022/23 haiandikwi kwa jina la gavana, bali kwa jina la Benki Kuu ya Tanzania, na jina la ripoti huwekwa kama lilivyochapishwa, hata kama ni la Kiingereza. Kwenye mabano unaingia mwaka wa kuchapishwa. Mwaka wa fedha unabaki ndani ya jina la ripoti. Tofauti hiyo ina uzito, kwani mwaka wa fedha wa Benki Kuu hufungwa Juni 30, ilhali benki kubwa za biashara kama CRDB na NMB hufunga hesabu Desemba 31. Mwanafunzi anayelinganisha mikopo ya kilimo ya "mwaka 2023" kutoka ripoti ya Benki Kuu na ile ya benki ya biashara huwa analinganisha vipindi viwili vilivyopishana kwa miezi sita, na hakuna atakayegundua iwapo rejea zake hazisemi.

Tena, ripoti ya mwaka ya kampuni ina sauti zaidi ya moja. Kuna taarifa ya mwenyekiti wa bodi, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wanahisa. Kuna maelezo ya mtendaji mkuu. Kuna maoni ya mkaguzi wa nje, aliyelipwa ili aseme kama hesabu ni za kweli. Halafu kuna hesabu zenyewe pamoja na maelezo yake ya maandishi madogo, ambako ndiko mambo mengi yamejificha. Kunukuu sifa alizojipa mwenyekiti na kuandika tu jina la kampuni na mwaka ni kumpa msomaji dhana kwamba maneno hayo yamekaguliwa. Namba ya ukurasa huondoa utata huo, na sentensi iliyonyooka huuondoa zaidi: "mwenyekiti wa bodi anadai kwamba…" Hali ni hiyohiyo kwa hesabu za robo mwaka ambazo benki huzichapisha magazetini. Nyingi ya hizo huwa hazijakaguliwa, na gazeti lenyewe huandika hivyo. Ni tangazo lililolipiwa, kwa hiyo mwenye maneno ni benki. Gazeti limetoa ukurasa tu.

Bei za sokoni ndizo zinazowashinda wengi, na ndizo zinazojaza ripoti kutoka Lushoto. Mwanafunzi huandika kwamba gunia la viazi liliuzwa kwa shilingi kadhaa, akaweka alama ya chanzo, akaridhika. Gunia lipi? Sheria ya Vipimo inataka mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba cha kamba na majani juu, hupita kiwango hicho kwa mbali. Wakala wa Vipimo imekuwa ikilipiga vita kwa miaka, na lumbesa bado ipo. Mkulima akisema "gunia", anaweza kuwa na maana ya lumbesa. Ofisa kilimo akiandika "gunia" kwenye taarifa ya halmashauri, huenda ana maana ya kilo 100. Nyanya huhesabiwa kwa tenga, na matenga hayalingani. Kabichi huuzwa kwa kichwa, au shamba zima likiwa bado halijavunwa, mnunuzi akikadiria kwa macho. Rejea iliyo kamili kwa kila alama ya uandishi bado huwa pungufu ikiwa kipimo hakikutajwa katika sentensi inayobeba tarakimu. Anayejali huenda na mizani, akapima magunia machache, kisha akaeleza katika sura ya mbinu za utafiti kwamba gunia moja katika kazi yake ni kilo ngapi.

Baada ya kipimo huja ngazi ya soko. Karoti hiyohiyo ina bei shambani Mlalo, ina nyingine ikipakiwa kwenye lori, na ina nyingine ikifika Dar es Salaam. Anayeandika "bei ya karoti za Lushoto" bila kusema ni bei ya wapi amezichanganya pesa za mkulima, dalali, mwenye lori na mchuuzi. Tarehe nayo haitoshi ikiwa mwaka peke yake, maana mboga hupanda na kushuka ndani ya wiki moja, hasa mvua zikiharibu barabara. Ipo pia tarehe ambayo mtafiti yeyote wa mboga za Usambara anapaswa kuikumbuka: Julai 10, 2021, siku Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua. Wafanyabiashara walitawanyika kwenye masoko mengine ya jiji. Takwimu zinazosema "Kariakoo" kabla ya siku hiyo na zile za miezi iliyofuata hazizungumzii mahali pamoja, na mwandishi anayeziunganisha kwenye jedwali moja ana deni la kueleza.

Chai ina mtego wake. Kuna bei ya jani bichi, anayolipwa mkulima kwa kilo anapolifikisha kwenye kituo cha kukusanyia, nayo hutajwa kwa shilingi. Kuna bei ya chai kavu iliyotoka kiwandani, ambayo mnadani hutajwa kwa dola. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne hivi, au tano, za jani bichi. Kwa hiyo mwanafunzi anayechukua bei ya mnada wa Mombasa, akaibadilisha kuwa shilingi, akaiweka kando ya bei ya mkulima wa Bumbuli, wilayani Lushoto, na kulalamika kwamba mkulima ameibiwa, amelinganisha vitu viwili tofauti. Huenda mkulima kweli anapunjwa, lakini hesabu hiyo haionyeshi. Rejea safi hapa itataja mnada upi, kwani Dar es Salaam ilianza wa kwake mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kutegemea Mombasa, na itataja tarehe ya mauzo na daraja la chai. Kiwango cha kubadilishia dola nacho ni chanzo kinachojitegemea. Benki Kuu hutoa viwango vya kila siku, na siku iliyotumika lazima iandikwe.

Takwimu za serikali huheshimiwa sana, na zinastahili, ila nazo hubadilika. Mwaka 2019 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa upya hesabu za pato la taifa kwa kutumia bei za mwaka 2015 badala ya zile za 2007. Matokeo yake, mwaka mmoja, tuseme 2016, una tarakimu mbili tofauti za pato la taifa, zote rasmi, zote kutoka ofisi moja. Asiyetaja toleo na mwaka wa kizio amemwachia msomaji kubahatisha. Mipaka nayo huhama. Sensa ya 2012 iliihesabia Wilaya ya Lushoto watu 492,441, wakiwamo wa Bumbuli. Sensa ya 2022 imetoa takwimu za Halmashauri ya Lushoto na za Halmashauri ya Bumbuli kila moja peke yake. Mwanafunzi asiyeliona hilo atagundua kwa mshangao kwamba Lushoto imepoteza watu wengi ndani ya miaka 10, kisha atatunga sababu: vijana wamehamia mjini, ardhi imechoka. Wasimamizi wa tasnifu wanazijua sana sababu za namna hiyo.

Magazeti ni chanzo halali, na mtu asione haya kuyataja. Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na The Citizen yamebeba historia kubwa ya biashara ya nchi hii ambayo haimo vitabuni. Kinachotakiwa ni jina la mwandishi, tarehe kamili, kichwa cha habari kama kilivyo, jina la gazeti, na ukurasa au anwani ya mtandaoni. Mwandishi asipotajwa, kichwa cha habari ndicho kinachotangulia. Mfano mzuri wa thamani ya magazeti na mipaka yake ni kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli. Kiwanda hicho kilisimama mwaka 2013 baada ya mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, kikakaa kimya kwa miaka, hadi kilipofufuliwa kwa fedha za mifuko ya umma. Anayetaka kusimulia miaka hiyo atayahitaji magazeti, lakini atazihitaji pia taarifa rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambako suala la Mponde liliulizwa na kujibiwa. Rejea ya Bunge hutaja mkutano, kikao, tarehe na ukurasa. Na hapo panataka uangalifu: jibu la waziri kwamba kiwanda kitafunguliwa ni ushahidi wa ahadi. Kufunguliwa kwenyewe kunahitaji chanzo kingine, cha baadaye.

Ubishi wa nani mmiliki wa kampuni hauishi kwa kuuliza watu wa kijiweni. Kampuni husajiliwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, na mtu anaweza kuomba taarifa rasmi ya usajili kwa ada. Katika rejea, jina la kampuni huandikwa kama lilivyosajiliwa. Watu wa Tanga husema "Simba" wakiwa na maana ya saruji, ilhali kampuni inaitwa Tanga Cement, na aliyeandika Simba atampeleka msomaji wake kwenye klabu ya mpira.

Mahojiano yana kanuni yake. Kwa APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyafikia, iwe ni simu, ana kwa ana au ujumbe wa WhatsApp, hutajwa ndani ya matini tu na hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Lakini mkulima aliyehojiwa kwa dodoso ni mshiriki wa utafiti: maneno yake ni data, na jina lake hufichwa. Huandikwa, kwa mfano, "mkulima wa kabichi, mwanamke, Lukozi", kisha mwezi na mwaka. Hili si suala la adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kubandika kwenye kiambatisho picha ya risiti yenye jina, namba ya simu na namba ya mlipakodi ya mchuuzi ni jambo linaloweza kumfikisha mwandishi pabaya. Lugha nayo isemwe. Wazee wengi wa milimani hueleza biashara kwa Kishambaa, mkalimani akatia Kiswahili, mwanafunzi akaandika Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya tasnifu yake. Nukuu yenye alama za kunukuu iliyopita mikono mitatu inahitaji sentensi moja ya kukiri kwamba ni tafsiri, na ni ya nani. Kwa makala ya gazeti la Kiswahili ndani ya tasnifu ya Kiingereza, kichwa kinabaki katika Kiswahili na tafsiri inafuata kwenye mabano ya mraba.

Kuhusu mtandao, machache yanatosha. Ukurasa unaobadilika kila mara, kama ule wa bei za hisa au viwango vya fedha, hutajwa pamoja na tarehe uliyofunguliwa. Faili la ripoti lililotulia halihitaji hilo kwa APA, ingawa Harvard nyingi hulidai. Nakala ihifadhiwe, kwani taasisi zikibadili tovuti zao viungo vya zamani hufa. Programu za akili unde nazo zimeleta balaa jipya: zikiombwa marejeo kuhusu soko la mboga la Lushoto, zinaweza kutoa jina la mwandishi, jarida, mwaka na kurasa, vyote vimepangwa sawasawa, na makala yenyewe haipo duniani. Kosa hilo ni zito kuliko koma iliyosahaulika, na vyuo vina haki ya kuliadhibu.

Wapo pia wanaoandika historia ya biashara, na kwao Usambara ni hazina. Wakati wa Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na Shume, ambako kampuni ya Wilkins na Wiese ilipasua mbao na kuziteremsha Mkumbara kwa kamba za chuma, iliitwa Neu-Hornow. Majina hayo ya zamani hubaki yalivyo kwenye rejea, na jina la leo hutajwa kwenye matini. Majalada ya enzi hizo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Rejea yake ni jina la hifadhi, namba ya jalada, maelezo ya barua na tarehe. Bei zilizomo ni za rupia, kwa hiyo anayezigeuza kuwa shilingi za leo anajitafutia makosa. Gazeti la Usambara-Post la Tanga lilikuwa sauti ya walowezi, na likitajwa, hilo lisemwe. Aliyekutana na maneno ya barua ya kale ndani ya kitabu cha Steven Feierman cha 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, bila kuliona jalada lenyewe, anakitaja kitabu na kuandika "kama ilivyonukuliwa na Feierman". Kujifanya umelifungua jalada ni uongo, hata kama kila herufi ni sahihi.

Aina moja ya chanzo husahauliwa: ripoti za wanafunzi waliotangulia. Tasnifu isiyochapishwa hutajwa kwa jina la mwandishi, mwaka, kichwa, ngazi ya shahada na chuo, na kwa masoko madogo kama Soni au Mlalo inaweza kuwa ndiyo maandishi pekee yenye bei za msimu fulani. Nyingi hupotea baada ya mahafali. Basi kila mwanafunzi anayemaliza utafiti wake Usambara na aache nakala moja katika ofisi ya kilimo ya halmashauri, pamoja na majedwali ya bei yanayoonyesha soko, tarehe na uzito wa gunia, ili atakayekuja baadaye apate kitu cha kutaja.